Taa za dashibodi ya Hilux ya zamani zimezimika: anza na dalili, bisibisi ije baadaye

Ukiwasha taa usiku na geji zikabaki gizani, usiguse kitu chochote kwanza. Shuka, zunguka nyuma ya gari, utazame taa nyekundu. Kama nazo zimezimika, shida yako si balbu ya dashibodi, na gari hilo lisiendelee na safari mpaka fyuzi ipatikane. Kwenye Hilux za zamani taa za nyuma, taa ya namba na taa za kumulika geji hupata umeme kupitia fyuzi moja. Taa kubwa za mbele zina njia yao, kwa hiyo dereva anaona barabara vizuri na anadhani kila kitu kiko sawa, huku lori linalomfuata halina habari kwamba mbele yake kuna pikapu. Giza la dashibodi mara nyingi ndiyo taarifa pekee anayoipata.

Hilux ninazozilenga hapa ni za dizeli zilizotengenezwa kati ya 1988 na 1997, zile ambazo mafundi huziita LN85 na LN106, zenye injini ziitwazo 2L na 3L (hayo ni majina, si lita). Bado zinabeba mizigo, maziwa, saruji na watu kila kona ya Afrika Mashariki. Mwenye Nissan, Isuzu au Mitsubishi ya umri huo atafaidika na sehemu kubwa ya maelezo haya. Kitakachobadilika ni mahali pa skrubu na majina yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha fyuzi.

## Kwanza tenganisha makundi mawili ya taa

Ndani ya boksi la geji kuna taa za aina mbili, na ukizichanganya utapoteza siku nzima.

Kundi la kwanza ni taa za kumulika: zinaangaza spidomita, geji ya mafuta na ya joto ili uzisome usiku. Huwaka ukiwasha taa ndogo, hata kama swichi ya gari imezimwa. Fyuzi yake kwa kawaida imeandikwa TAIL.

Kundi la pili ni taa za onyo: oili, chaji, breki, hita plagi (plagi za kupasha injini ya dizeli joto kabla ya kuwaka), maji kwenye dizeli. Hizi huamka ukifungua swichi ya gari, na nyingi hulishwa na fyuzi iliyoandikwa GAUGE. Mishale ya indiketa na taa ya bluu ya fulu zina njia zake nyingine kabisa.

Kwa hiyo jiulize kwanza: kundi lipi limezimika, lote au sehemu tu? Jibu hilo peke yake huondoa nusu ya kazi.

Vifaa vya kazi hii si vingi: bisibisi ya nyota, spana namba 10 ya kufungulia betri, tochi, testa ya balbu au mita ya umeme, kitambaa laini na simu ya kupigia picha kabla ya kuchomoa chochote.

## Dalili: geji zote giza, taa za onyo ziko sawa

Fyuzi ya TAIL ndiyo mshukiwa wa kwanza. Boksi la fyuzi kwa nyingi ya gari hizi liko chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na mguu. Ichomoe fyuzi na uitazame kwenye mwanga. Weka nyingine yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko. Rangi husaidia: nyekundu ni ya ampea 10, bluu ni 15, njano ni 20. Usipande namba, na usifunge waya wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Waya wa taa za nyuma unapita chini ya zulia na kando ya chasisi hadi kwenye bampa. Fyuzi ikishindwa kukatika, waya huo ndio utakaoungua, na utaungua ukiwa umefichwa.

Fyuzi ikiwa nzima na taa za nyuma zinawaka, nenda kwenye dima, lile gurudumu dogo la kupunguza mwanga wa geji. Mara nyingi mtu alilisogeza bila kujua wakati wa kuosha gari au kuchomeka simu. Lizungushe mwanzo hadi mwisho mara kadhaa huku taa zimewashwa. Kama mwanga unarudi kwa kurukaruka, dima ina kutu au vumbi ndani. Itoe, ipulizie dawa ya kusafishia viungio vya umeme, izungushe tena mpaka ilainike.

Hapa kuna njia ya mkato ambayo mafundi wa barabarani huipenda: kuunganisha nyaya za dima moja kwa moja. Kwenye dima yenye nyaya mbili inaweza kufanya kazi. Lakini zipo zenye nyaya tatu: mmoja wa umeme, mmoja wa ethi (njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha gari) na mmoja wa kwenda kwenye taa. Ukizisokota zote pamoja umetengeneza shoti kwa mkono wako. Kama huna mita ya kutambua waya upi ni upi, iache ilivyo utafute dima nyingine.

Fyuzi na dima zikiwa nzima, kinachofuata ni plagi kubwa nyuma ya boksi la geji iliyolegea, au ethi iliyokatika. Balbu zote kuungua kwa wakati mmoja ni nadra. Kinachotokea zaidi ni kwamba moja iliungua mwaka jana, nyingine miezi sita baadaye, na dereva ameanza kuona giza ilipokufa ya mwisho.

## Dalili: fyuzi ya TAIL inaungua kila ukibadilisha

Hii ni shoti. Ukiweka ya pili nayo ikaungua, acha kuweka ya tatu.

Kwenye pikapu, sehemu ya kwanza kukagua ni soketi ya trela. Inaning'inia chini ya bampa, inapigwa mawe na matope, na nyaya zake mara nyingi ziliungwa kwa mkanda tu. Ya pili ni redio. Redio nyingi za kufunga baadaye zina waya mwembamba wa kuwasha mwanga wa vitufe vyake, nao huungwa kwenye njia hiihii ya TAIL. Ukiachwa uchi nyuma ya redio, siku moja utagusa chuma. Ya tatu ni taa ya namba na nyaya zinazopita kwenye bodi la nyuma, hasa gari likiwa liliwahi kugongwa au kufungwa bodi jipya. Ongeza na taa yoyote ya mapambo iliyowekwa juu ya kabini.

Fundi mwenye subira hutumia mbinu hii: badala ya fyuzi huunga balbu ya wati 21, ile ya breki, kati ya miguu miwili ya soketi ya fyuzi. Balbu hiyo huzuia umeme mkubwa kupita. Shoti ikiwepo, inawaka kwa nguvu zote. Halafu anachomoa kimoja baada ya kingine: soketi ya trela, redio, taa ya namba, taa za nyuma. Pale ambapo balbu inapungua mwanga ghafla ndipo shoti ilipo.

Simama hapa kama umechomoa vyote hivyo na balbu bado inawaka kwa nguvu, kama unasikia harufu ya plastiki iliyoungua, au kama waya wowote una joto ukiushika. Ondoa ncha hasi ya betri, gari lipelekwe kwa fundi umeme wa magari. Shoti iliyo ndani ya mkungu wa nyaya nyuma ya dashibodi haitafutwi kwa kubahatisha.

## Dalili: upande mmoja au geji moja tu iko gizani

Hapa sasa ndipo balbu yenyewe inashukiwa kwa haki. Spidomita inaonekana upande wa kushoto, upande wa kulia giza. Au geji ya joto imepotea. Karibu kila mara ni balbu iliyoungua, au holda yake, yaani kishikio cha balbu, imelegea.

Nunua balbu kabla ya kufungua. Za kumulika ni zile za kioo kitupu zisizo na kitako cha chuma, ukubwa wa T10, kwa kawaida wati 3.4. Za onyo ni ndogo zaidi, T5, wati 1.2 au 1.4. Kuna mitego miwili dukani, na yote miwili naona inawanasa watu wengi.

Mtego wa kwanza ni wati. Balbu ya taa ya namba au ya pakingi ni T10 pia, inaingia kwenye holda bila tabu, lakini ni ya wati 5. Itawaka vizuri na utafurahi. Joto lake ni karibu mara moja na nusu ya ile ya 3.4, na boksi la geji halina hewa ya kupooza. Baada ya muda holda inalainika, plastiki nyeupe ya ndani inageuka kahawia, na karatasi ya njia za umeme iliyo nyuma inakunjamana.

Mtego wa pili ni volti. Malori mengi yanatumia volti 24, na maduka ya vipuri ya Kariakoo, Kirinyaga Road au Kisekka yanauza balbu za aina zote mbili zikiwa zimewekwa jirani. Hilux ni ya volti 12. Balbu ya 24 ukiifunga humo itawaka, ila kwa mwanga mwekundu uliochoka, nawe utaanza kuilaumu dima. Soma maandishi kwenye kitako cha kioo kabla ya kulipa.

Kuhusu kufungua: ondoa ncha hasi ya betri kwanza. Kama gari lina airbag (mfuko wa hewa wa kukinga kwenye ajali), jambo linaloonekana kwenye baadhi ya Hilux za mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea, na ukaona nyaya au plagi za njano kwenye shingo ya usukani, simama. Hizo hazipimwi kwa testa wala hazichomolewi na mtu asiyezijua. Umeme wa testa unatosha kulipua mfuko ukiwa umeuinamia.

Zisizo na airbag ni rahisi. Shusha usukani kama unashuka, funika shingo yake kwa kitambaa. Fungua skrubu za fremu ya plastiki inayozunguka geji. Nyingine zimejificha juu, chini ya ukingo, kwa hiyo inama utazame na tochi. Plastiki ya umri huu imekauka kwa jua. Ikigoma kutoka, ujue kuna skrubu hujaiona, na usilazimishe. Kisha fungua skrubu za boksi lenyewe na ulivute kuelekea kwako polepole.

Litasogea kidogo na kukwama, kwa sababu kebo ya spidomita bado imeshika. Gari hizi zina spidomita ya kebo inayotoka kwenye gia boksi. Ingiza mkono nyuma, bonyeza kilimi cha plastiki kilicho kwenye shingo ya kebo, ivute itoke. Kama haifikiki, mwombe mtu aisukume kebo kidogo kutoka upande wa injini ili ipate urefu. Hapo ndipo watu huvunja kile kilimi. Baada ya hapo piga picha plagi zote, bonyeza vishikizo vyake, zichomoe kwa kushika plagi. Usivute nyaya.

Ukilitoa, lisimamishe au lilaze kwa ubavu juu ya kitambaa. Baadhi ya geji zina mafuta mazito ya kutuliza mshale, kwa hiyo usiliache kifudifudi kwa muda mrefu. Nyuma utaona holda za plastiki zimejipanga. Shika moja, zungusha robo mzunguko kinyume cha saa, itatoka na balbu yake. Balbu huvutwa moja kwa moja, haizungushwi. Iliyoungua huwa na kioo cheusi au uzi uliokatika ndani.

Badilisha balbu zote za kumulika kwa mkupuo, hata zile ambazo bado zinawaka. Zimeanza kazi pamoja, na gharama ya balbu ni ndogo kuliko usumbufu wa kulifungua boksi tena mwezi ujao. Kama za zamani zimevaa vikofia vya mpira vya rangi, vihamishie kwenye mpya, la sivyo nusu ya geji itakuwa kijani na nusu nyeupe. Vumbi la ndani lipanguse kwa brashi laini. Kioo cha mbele kifute kwa kitambaa chenye maji kidogo tu. Petroli na dawa kali huacha ukungu usiotoka.

Kabla ya kufunga skrubu hata moja, rudisha plagi na betri, washa taa ndogo, uone kila kona inawaka.

## Dalili: balbu ni mpya lakini haiwaki

Kama ni LED, igeuze. Balbu ya uzi haijali upande, LED inajali: chanya na hasi zikipishana inabaki giza bila kuharibika. Ichomoe, igeuze nusu mzunguko, irudishe. Watu hurudisha dukani balbu nzima kwa kutojua hili.

Kama ni ya uzi, tazama nyaya mbili nyembamba zilizokunjwa kwenye kitako chake. Wakati mwingine husukumwa zikalala na hazigusi holda. Zinyooshe kwa ncha ya bisibisi. Tazama pia vimguu vya shaba vya holda vinavyogusa karatasi ya njia za umeme. Vikiwa vimelala, vinyanyue kidogo. Vikiwa na kutu ya kijani, ambayo katika miji ya Pwani kama Tanga na Mombasa ni jambo la kawaida, visugue kwa ufutio wa penseli. Msasa usiutumie. Njia za shaba kwenye ile karatasi ni nyembamba mno, na msasa unaziondoa kabisa.

Ikishindikana, karatasi yenyewe imekatika. Ni plastiki laini ya rangi ya kahawia au bluu iliyochapwa njia za shaba. Ipime kwa mita, kutoka mguu wa plagi hadi kwenye tundu la holda. Njia iliyokatika inaweza kuungwa kwa waya mwembamba kama unywele uliolehemiwa kwa risasi. Joto la kulehemu likizidi sekunde chache plastiki inayeyuka na njia za jirani zinaondoka nayo, kwa hiyo kazi hii mpe fundi wa redio au simu mwenye kifaa chenye ncha ndogo. Ukiona sehemu kubwa imeungua au kuchanika, boksi la mtumba linakuwa na maana zaidi.

## Dalili: zinawaka na kuzima kwenye barabara mbovu

Gonga juu ya dashibodi kwa kiganja, taratibu, huku taa ndogo zimewashwa na gari limesimama. Zikichezacheza zote kwa pamoja, shida ni plagi ya nyuma, ethi au dima. Ikicheza moja, ni holda yake. Ya kwanza mara nyingi inapona kwa kuchomoa plagi, kuisafisha na kuirudisha mpaka isikike ikibana. Ya pili inapona kwa kunyanyua vimguu vya holda. Tazama pia boliti ya ethi inayofunga nyaya kwenye chuma cha bodi chini ya dashibodi. Rangi au kutu ikikaa kati ya kichwa cha waya na chuma, ethi ni ya kubahatisha. Ifungue, kwangua chuma king'ae, uikaze.

## Dalili: zote zinawaka lakini hafifu

Dima imeshushwa, balbu zimezeeka na kuwa nyeusi, balbu ni za volti 24, au vumbi limejaa ndani. Kwa mpangilio huo. Kama hata taa kubwa ni hafifu na zinaongezeka ukikanyaga mafuta, tatizo ni betri, alteneta (mashine inayochaji betri) au ethi ya injini.

Watu wengi hapa hukimbilia LED. Kwa taa za kumulika sina pingamizi: hazina joto na zinakula umeme kidogo. Ila jua kwamba dima haitazipunguza vizuri, na LED za bei ya chini hutupa mwanga mbele tu, kwa hiyo unapata doa kali katikati ya geji na kingo zimebaki giza. Kwa taa za onyo nasema hapana, na sababu iko chini.

## Dalili: balbu hazidumu

Pima chaji. Injini ikiwa imewaka, weka mita kwenye ncha za betri. Kati ya volti 13.5 na 14.5 ni sawa. Ikipita 15, regileta ya alteneta, inayodhibiti chaji, imeharibika, na balbu za dashibodi ndizo za kwanza kulipa. Betri itafuata: maji yatakauka na harufu ya tindikali itatoka. Usiendelee kuendesha hivyo. Mpe fundi alteneta.

Chaji ikiwa sawa, rudi kwenye wati za balbu na holda zilizolegea. Mtikisiko unakata uzi haraka zaidi balbu ikiwa inacheza ndani ya holda.

## Dalili: dashibodi inawaka ukikanyaga breki

Taa zote zimezimwa, unakanyaga breki, na geji zinapata mwanga hafifu. Hii huwashangaza watu, lakini chanzo hakiko kwenye dashibodi. Balbu ya nyuma ya Hilux ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, wati 21 ya breki na wati 5 ya usiku, na zote mbili zinatumia ethi moja. Ethi hiyo ikikatika, umeme wa breki unakosa pa kurudia, unapita kwenye uzi wa pili, unarudi kwa waya wa TAIL mpaka kwenye taa za geji ukitafuta ethi nyingine. Matokeo yake taa za breki zenyewe ni hafifu, na anayekufuata hajui kwamba unasimama.

Safisha ethi ya taa za nyuma, pale waya unapofungwa kwenye chasisi au bodi. Angalia pia kama mtu aliweka balbu ya uzi mmoja kwa nguvu kwenye holda ya nyuzi mbili: kitako chake kinaunganisha njia zote mbili, na dalili zinafanana.

## Dalili: taa ya onyo haiwaki ukifungua swichi

Hii ndiyo sehemu ninayoomba isomwe na kila anayenunua pikapu ya mtumba, kwa sababu geji ikikosa mwanga usiku unapata usumbufu tu, lakini taa ya oili iliyokufa inaua injini.

Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya oili, ya chaji na ya hita plagi lazima ziwake; ya breki iwake ukivuta hendibreki. Kila ambayo haiwaki iandike. Zikiwa zote zimekufa, pamoja na mishale ya mafuta na joto kulala, kagua fyuzi ya GAUGE. Ikiwa moja tu imekufa, kuna mambo matatu yanayowezekana: balbu imeungua, swichi inayoiendesha imekufa, au kuna mtu aliing'oa.

Hilo la tatu lipo, na si la nadra. Taa inayowaka hushusha bei ya gari, na balbu ya T5 inatoka kwa sekunde chache. Kwenye Hilux hizi za dizeli inayoondolewa sana ni ile iliyoandikwa T-BELT, ambayo kwa matoleo mengi huwaka kila kilomita 100,000 kukukumbusha kubadilisha mkanda wa taimingi. Mkanda ukikatika injini ikiwa katika mwendo, vali na pistoni zinaweza kugongana. Ukifungua boksi la geji ukakuta tundu lisilo na balbu wakati alama yake iko mbele, usijaze balbu tu ukaridhika. Fanya kazi ambayo taa hiyo ilikuwa inaidai.

Taa ya oili ina kipimo rahisi. Swichi ya gari ikiwa imefunguliwa na injini imezimwa, chomoa waya kwenye swichi ya oili iliyofungwa kwenye bloku ya injini, gusisha ncha yake kwenye chuma safi cha injini. Taa ikiwaka, balbu ni nzima na swichi ndiyo mbovu. Isipowaka, balbu au waya umekatika. Kama gari lako lina geji ya oili yenye mshale, kipimo hiki si chake, usikifanye.

Kinyume chake pia kisemwe: taa ya oili ikiwaka injini ikinguruma, simama uzime injini palepale, hata kama uko kwenye mlima mkali kama Kitonga. Kagua kiwango cha oili. Ikiwa kipo na taa bado inawaka, gari livutwe. Usifike kwa fundi kwa injini hiyo.

Taa ya chaji nayo ina jambo lake. Kwenye alteneta nyingi za zamani, umeme mdogo wa kuiamsha alteneta unapita ndani ya balbu hiyo. Balbu ikiungua, alteneta inaweza isichaji mpaka ukanyage mafuta sana, au isichaji kabisa. Ukiweka LED mahali pake, umeme unaopita ni kidogo mno na unapata ugonjwa uleule, huku unashangaa kwa nini betri mpya inakufa. Ndiyo sababu ya kusema taa za onyo zibaki na balbu za uzi, zenye wati zilezile zilizotoka kiwandani.

Na taa ya breki ikiwaka hendibreki ikiwa imeshushwa, hiyo inafanya kazi yake. Tazama chupa ya mafuta ya breki. Ikiwa yamepungua, yamevuja mahali au pedi zimeisha. Ita fundi kabla ya safari.

## Dalili zinazokuja baada ya kurudisha boksi

Spidomita imelala: kebo haikuingia hadi kilimi kikabana. Isukume mpaka usikie mlio. Mshale unaruka na kupiga kelele: kebo imekunjwa kona kali nyuma ya boksi, ilegeze na kuipanga upya. Geji ya mafuta au ya joto haisogei: plagi moja haijakaa, au kuna skrubu ndogo nyuma ya geji imelegea. Skrubu hizo hupitisha umeme, kwa hiyo zikazwe kiasi, bila kusaga plastiki.

Ukiamua kufunga boksi la mtumba, hakikisha ni la dizeli na la injini yako, maana la petroli halina taa ya hita plagi. Piga picha ya kilomita za boksi la zamani siku ya kulitoa, uzitunze na kadi ya gari. Siku ya kuuza, mnunuzi aonyeshwe picha hiyo, maana namba atakayoiona kwenye spidomita itakuwa ya gari lingine.